RAM ya 3200 inasoma 1600, na prosesa "zinaungua": tuelewane kuhusu kuovakloki

Kwenye magrupu ya watu wanaojiungia kompyuta wenyewe kuna maswali mawili hayaishi. La kwanza ni la mtu aliyenunua RAM, ile memori ya kazi ya kompyuta, kwenye boksi imeandikwa 3200, kafika nyumbani kaifunga, kafungua programu ya CPU-Z anakuta 1600, na nusu ya wanaomjibu wanamwambia umepigwa mkuu, hiyo ni feki. La pili limepata nguvu tangu 2024, baada ya zile habari za prosesa za Intel kizazi cha 13 na 14 kuharibika, watu wakazichukua habari hizo wakazibandika moja kwa moja kwenye kuovakloki, sasa ukimwambia mtu aingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, awashe XMP, yaani mipangilio inayoifikisha RAM kwenye spidi ya boksi, anakujibu hapana, sitaki kuunguza prosesa yangu. Majibu yote mawili yamekosea na yanawatia watu hasara ya kweli, maana huyu wa kwanza anarudisha dukani RAM nzima kabisa na huyu wa pili anaendesha mashine kwa spidi ndogo kuliko ile aliyoilipia. Hii mada inaeleweka vizuri tu ikianzwa kutoka chini, kwahiyo twende taratibu.

Ndani ya kompyuta kuna kidude kinachotoa mapigo ya umeme kwa mpangilio usiobadilika, kinaitwa kloki. Kila kazi inayofanyika ndani ya prosesa, ndani ya RAM na kwenye njia zinazoviunganisha inafuata mapigo hayo. Pigo milioni moja kwa sekunde ni 1 MHz, pigo bilioni moja kwa sekunde ni 1 GHz. Kuovakloki ni kuongeza kasi ya hayo mapigo kupita ile ambayo kiwanda kimeiidhinisha, basi, hamna uchawi mwingine.

Ukitaka kuona kinachotokea, fikiria siku ya kumwaga zege la jamvi. Watu wamejipanga mstari kutoka kwenye mchanganyiko mpaka kule juu kwa fundi, wanapokezana makarai, na kuna mmoja anatoa sauti, kila sauti ikitoka karai linahama mkono. Kloki ndo ile sauti. Yenyewe haibebi zege wala haijengi, inasema tu "sasa". Ukiharakisha sauti zege linapanda haraka zaidi, ilimradi kila mtu awe amemaliza kupokeza kabla ya sauti inayofuata, siku sauti ikiitangulia mikono karai linadondoka. Kwenye prosesa, karai kudondoka maana yake kuna transista, yaani swichi ndogo sana ya umeme, haijamaliza kubadilika kutoka 0 kwenda 1 na pigo lingine limeshafika, kwahiyo hatua inayofuata inabeba jibu la uongo na kuendelea nalo. Hautoki moshi. Hausikii harufu. Unachoona ni gemu limejifunga lenyewe, au skrini ya bluu, au mbaya zaidi huoni kitu kabisa ila picha zako kumi ulizokopi jana zimeharibika.

Na muda wenyewe ni mdogo kupita maelezo. Prosesa ikienda 5 GHz, kati ya pigo na pigo kuna nanosekunde 0.2, na ndani ya muda huo mwanga wenyewe, kitu chenye mbio kuliko vyote, unasafiri kama sentimita 6 tu. Ndo nafasi ambayo transista zinapewa zimalize kazi.

Sasa kwanini kuna nafasi ya kuongeza, kwani kiwanda hakijui? Kinajua sana. Chipu zinazokatwa kwenye sahani moja ya silikoni hazifanani, nyingine zinavumilia mapigo ya kasi kwa umeme mdogo na nyingine zinahitaji umeme mwingi kufika palepale, kwahiyo kiwanda kinazipima na kuzigawa kwa madaraja, na namba inayoandikwa kwenye boksi lazima iwe ile ambayo hata chipu dhaifu kuliko zote kwenye daraja hilo itaifikia, kwenye chumba cha joto, na feni ya kawaida, kwa miaka. Ile tofauti kati ya namba ya boksi na uwezo halisi wa chipu uliyoipata wewe ni akiba ya usalama. Kuovakloki ni kuila hiyo akiba. Ndo maana mtu anakuambia ya kwangu inaenda 4.7 bila shida na wewe ukiweka hivyohivyo mashine haiwaki, na hakuna aliyedanganya kati yenu, ni chipu mbili tofauti zenye jina moja.

Spidi ya prosesa inapatikana kwa kuzidisha namba mbili. Kuna kloki ya msingi, ambayo kwenye mazabodi nyingi za sasa, yaani zile bodi kuu za kompyuta, ni 100 MHz, halafu kuna kizidishi. Kizidishi kikiwa 44 unapata 4,400 MHz yaani 4.4 GHz. Kwahiyo njia za kuongeza ni mbili, uongeze kizidishi au uongeze kloki ya msingi, na hizi njia hazina hatari sawa hata kidogo, hapa watu wengi wanachanganya kwahiyo nitakaa kidogo.

Rudi mpaka 1998. Intel walitoa prosesa ya bei nafuu inaitwa Celeron 300A, kloki ya msingi 66 MHz, kizidishi 4.5, jumla 300 MHz. Kizidishi kilikuwa kimefungwa, huwezi kukigusa. Watu wakagundua kwamba ukiiweka kwenye mazabodi inayokubali kloki ya msingi ya 100 MHz, ileile Celeron inapiga 450 MHz, na nyingi zilikubali bila hata kulalamika, yaani mtu wa mfuko mdogo anakaribia kabisa Pentium II ya 450 iliyokuwa inauzwa bei ya juu mno kwa wakati ule. Huo mwaka ndo uliofanya kuovakloki kutoka kwa watu wachache wa maabara na kuingia majumbani.

Lakini angalia kilichowakuta wale waliotaka kwenda nusu njia, wakaweka 83 badala ya 100. Kloki ya msingi enzi hizo ilikuwa haiendeshi prosesa peke yake, ilikuwa inaendesha RAM na pia njia ya PCI ambako ndiko zilikuwa zimechomekwa kadi za sauti na vidhibiti vya hard disk. Njia ya PCI ilitakiwa iende 33 MHz, kwahiyo mazabodi ilikuwa inagawanya, 66 kwa 2 unapata 33, 100 kwa 3 unapata 33, safi. Ila 83 ukigawa kwa 2 unapata 41.5, na hapo hard disk inaanza kuandika takataka, mtu anapoteza mafaili yake wakati prosesa haina tatizo lolote. Spidi ndogo ilikuwa hatari kuliko spidi kubwa! Ndo ujue kwamba kugusa kloki ya msingi ni kugusa nyumba nzima.

Hilo jambo halijafa. Kuanzia kizazi cha prosesa kinachoitwa Sandy Bridge cha 2011 Intel waliunganisha tena vitu vingi kwenye kloki moja ya msingi, ukiisogeza kutoka 100 kwenda 105 hivi mashine nyingi zinaanza vituko vya diski na USB, kwahiyo kilichobaki ni kizidishi, na kizidishi wanakiuza. Prosesa za Intel zenye herufi K mwishoni ndo zimefunguliwa, mfano Core i5-2500K au i7-2600K za wakati ule, na hata ukiwa nayo kwa kawaida unahitaji mazabodi ambayo jina la chipseti yake, ile chipu inayoiongoza, linaanza na Z ndo menyu ya kizidishi ifanye kazi. AMD, washindani wa Intel, upande wao prosesa za Ryzen tangu 2017 nyingi zimefunguliwa, sharti ni mazabodi ya B au X, zile za A kama A320 hazikubali kugusa kizidishi. Hii kitu naisisitiza kwasababu kila siku kuna mtu ananunua i5 ya K anaichomeka kwenye mazabodi ya H anakaa wiki nzima anatafuta menyu ambayo haipo.

Voltiji ndo inayoua

Turudi kwenye zege. Ukitaka sauti iende haraka na makarai yasidondoke, weka watu wenye nguvu zaidi kwenye mstari. Kwenye chipu nguvu hiyo ni voltiji. Transista ikipewa voltiji kubwa inabadilika haraka, kwahiyo inawahi pigo. Ndo maana kila anayeovakloki mwisho wa siku anaishia kuongeza voltiji, na ndo mlango ambao madhara yote ya kweli yanaingilia.

Umeme ambao chipu inakula unapanda sawasawa na spidi, lakini unapanda kwa mraba wa voltiji. Tufanye hesabu: prosesa inaenda 4.0 GHz kwa volti 1.20, wewe unaipeleka 4.5 GHz na imekubali tu ulipofika volti 1.35. Spidi imeongezeka asilimia 12.5. Voltiji imeongezeka asilimia 12.5 pia, lakini mraba wake ni kama asilimia 26.6, zidisha vyote viwili unapata ongezeko la umeme la asilimia 42. Na umeme wote unaoingia kwenye prosesa unatoka kama joto. Umenunua asilimia 12 ya spidi kwa asilimia 42 ya joto, halafu kwenye gemu unakuta umeongeza fremu chache kwasababu kilichokuwa kinakubana ni kadi ya picha. Hesabu hii ndo iliyowasimamisha Intel wenyewe mwaka 2004, Pentium 4 ilifika 3.8 GHz, ile ya 4 GHz waliyokuwa wameiahidi wakaifuta, na dunia nzima ikageukia kuongeza kori, yaani idadi ya vichwa vya kufanya kazi ndani ya prosesa, badala ya kuongeza mapigo.

Joto lenyewe kwa muda mfupi sio adui mkubwa kama watu wanavyodhani, prosesa za sasa zikifika nyuzi 95 au 100 zinajipunguza spidi zenyewe na zikizidiwa kabisa zinazima mashine. Kinachoimaliza chipu ni voltiji kubwa ikikutana na joto kwa muda mrefu, vinjia vya ndani na tabaka za kuhami za transista vinachakaa kidogokidogo, na dalili yake ni kwamba mipangilio iliyokuwa imara mwaka jana leo inaleta skrini ya bluu. Uchakavu huo haurudi nyuma.

Na hapa ndo tuiweke sawa ile habari ya 2024. Waliopata shida na Intel kizazi cha 13 na 14 wengi wao hawakuovakloki chochote. Intel yenyewe Julai 2024 ilikiri kwamba maikrokodi, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya prosesa, yalikuwa yanaomba voltiji kubwa kuliko inavyotakiwa, Agosti ikatoka maikrokodi 0x129, Septemba ikafuata 0x12B, na garantii ikaongezwa miaka miwili kwa prosesa zilizohusika. Vilevile mazabodi nyingi zilikuwa zinatoka kiwandani zimefunguliwa mipaka ya umeme kupita aliyoipendekeza Intel. Kwahiyo somo la ile kesi linahusu voltiji, sio kloki, na kama unayo i7 au i9 ya vizazi hivyo kitu cha kwanza ni kuapdeti BIOS ya mazabodi, kabla ya gemu, kabla ya chochote. Maikrokodi mpya inazuia uharibifu usiendelee, haiponyi chipu iliyokwisha kuchakaa, kwahiyo ukinunua ya mkononi jaribu kwanza chini ya mzigo mzito mbele ya muuzaji.

AMD nao hawakupona, Aprili 2023 kulikuwa na Ryzen za 7000X3D zilizoungua mpaka zikaacha alama kwenye soketi. Pale chanzo kilihusiana na voltiji ya SoC, ile inayolisha kidhibiti cha memori, mtu anawasha profaili ya RAM na baadhi ya mazabodi zinaipandisha zenyewe bila kumuuliza. AMD wakaweka mpaka wa volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Kwahiyo yule anayesema XMP haina hatari yoyote na yule anayesema XMP inaunguza, wote wameshika kipande. Iwashe, lakini kwenye BIOS iliyoapdetiwa, na uangalie mazabodi imeongeza voltiji gani kwa niaba yako.

Jambo moja la kwetu kuhusu kuapdeti BIOS, umeme ukikatika katikati ya zoezi mazabodi inaweza kufa kabisa kama haina kitufe cha kuiandikia BIOS upya kutoka kwenye flashi. Tumia UPS, hata ya kuazima. Usifanye wakati wa mawingu ya mvua.

Sasa RAM, na ile 1600

RAM za sasa zote ni DDR, maana yake data inapita mara mbili kwa kila pigo moja, pigo linapopanda na pigo linaposhuka. Kloki ya kweli ikiwa 1600 MHz, safari za data ni milioni 3200 kwa sekunde. CPU-Z inakuonesha kloki ya kweli, boksi linakuonesha idadi ya safari. 1600 na 3200 ni RAM ileile. Kipimo sahihi cha hiyo 3200 ni MT/s, safari milioni kwa sekunde, na matoleo mapya ya Windows 11 kwenye Task Manager yameacha kuandika MHz yanaandika MT/s, sababu ni mkanganyiko huuhuu.

Ila kuna namba ambayo ukiiona ndo ushtuke. Kama RAM ya 3200 inasoma 1200 kwenye CPU-Z, au Task Manager inaandika 2133, 2400 au 2666, basi hujapigwa na muuzaji, umeisahau BIOS. RAM yoyote ikiwekwa kwenye mashine inaanza kwa spidi ya kawaida iliyokubaliwa na chama cha viwango cha JEDEC, ambayo kwa DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM hizi, ni volti 1.2 na mara nyingi spidi ndogo, ili iwake kwenye mazabodi yoyote. Ile spidi ya boksi imeandikwa kwenye kichipu kidogo ndani ya RAM kama profaili ya pili, Intel waliipa jina XMP tangu enzi za DDR3 na AMD wakaja na yao EXPO mwaka 2022 kwa ajili ya DDR5. Unaingia BIOS, unachagua profaili, unasevu, umemaliza. Watu wangapi wana RAM ya 3600 inayotembea 2400 mwaka wa tatu huu! Hii inaniuma kweli maana hela imeshatoka mfukoni.

Kirasmi hata hiyo profaili ni kuovakloki, kwasababu Ryzen 5 5600 kwa mfano inatambulika rasmi mpaka 3200, ukiweka 3600 umepita. Na Intel na AMD wote wanaandika kwenye garantii kwamba uharibifu wa kuovakloki hauwahusu. Ujue hivyo ukiwa unaamua.

Spidi ya RAM lakini sio namba moja. Kuna CL, ambayo ni idadi ya mapigo RAM inayosubiri kuanzia inapoombwa data mpaka data ianze kutoka. Watu wanaona CL16 na CL18 wanasema ya 16 ndo yenye mbio, hapana, inategemea pigo lenyewe lina urefu gani. RAM ya 3200 ina kloki ya 1600, pigo moja ni nanosekunde 0.625, mara 16 unapata 10. RAM ya 3600 CL18 pigo ni nanosekunde 0.556, mara 18 unapata 10 vilevile. Zinachelewa sawa kabisa, ila ya 3600 ikishaanza inamwaga data nyingi zaidi. Na 3200 CL22, ambayo madukani imejaa kwa bei ya chini, inasubiri nanosekunde 13.75. Hata DDR5 ya 6000 CL40 ni nanosekunde 13.3, kwahiyo usikimbilie namba kubwa bila kupiga hiyo hesabu, chukua CL zidisha kwa 2000 gawanya kwa namba ya boksi, sekunde tano tu.

Kwanini inajalisha? Kwasababu safari nzima ya prosesa kwenda RAM na kurudi inachukua nanosekunde 60 hadi 90 hivi kwenye mashine za kawaida, na prosesa ya 4 GHz ndani ya nanosekunde 75 inapiga mapigo 300. Fundi yupo juu ya jamvi mwiko mkononi, anasubiri mchanga. Unaweza kuharakisha sauti ya kule juu unavyotaka, kama mchanga unatoka mbali utaongeza tu muda wa kusubiri kwa haraka. Gemu zinazotegemea sana prosesa zinafaidika na RAM iliyopangwa vizuri kuliko zinavyofaidika na MHz 200 za prosesa, na mimi nikiulizwa wapi pa kuanzia nasema siku zote RAM kwanza.

Kwa wenye Ryzen kuna sharti la ziada. Ndani ya Ryzen kuna njia inayounganisha kori na kidhibiti cha memori, inaitwa Infinity Fabric, na inapenda kwenda sawa na kloki ya RAM, moja kwa moja. Kwenye Ryzen 3000 na 5000 nyingi hiyo njia inafika 1800 MHz, ambayo ni sawa na RAM ya 3600. Ukinunua RAM ya 4400 kwa bei ya juu, mfumo unaachana na uwiano wa moja kwa moja unakwenda nusu, na unajikuta umechelewa kuliko ungebaki 3600. Kwahiyo 3600 CL16 au CL18 kwa hao jamaa ndo mahali pazuri pa kusimama.

Halafu mambo madogo yanayosumbua bila sababu. Kwenye mazabodi nyingi zenye soketi nne za RAM, vipande viwili vichomekwe soketi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio ya kwanza na ya pili. Vipande vinne ni vigumu kufika spidi kubwa kuliko viwili, kidhibiti kinabeba mzigo zaidi. Na kuchanganya RAM za kampuni mbili hata kama zote zimeandikwa 3200 hakuna anayekuhakikishia, inaweza kukubali na inaweza kukataa.

Joto la huku kwetu

Video nyingi tunazoangalia zimerekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Hitisinki ya hewa, kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa, haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya chipu na hewa, kwahiyo ile prosesa iliyoonekana ina nyuzi 75 kule, ukiiweka Dar au Mombasa mwezi wa pili chumba kikiwa nyuzi 32 itasoma 86 hivi kwa mipangilio ileile. Hakuna kosa ulilofanya kwenye kupaka themopesti, ile pesti ya kupitishia joto. Ukikopi voltiji za mtu wa Ulaya unakopi pia hali ya hewa ambayo huna. Vumbi nalo linaziba hitisinki polepole, kwahiyo mipangilio iliyokuwa salama siku ya kwanza inabaki salama ukiipuliza hitisinki kila baada ya muda.

RAM pia inaumwa na joto, kila seli ni kama chaji ndogo inayovuja na kwenye DDR4 lazima ijazwe upya kila milisekunde 64, na ikipita nyuzi 85 inatakiwa kujazwa mara mbili ya hapo. Mashine inayoganda mchana tu na usiku iko poa, angalia hapo kabla hujailaumu Windows.

Sasa kuna ukweli ambao wenye kupenda hii kazi hatuusemi vya kutosha. Ile akiba ya usalama niliyoitaja mwanzo, viwanda vimeshaanza kuila vyenyewe. Tangu Intel walete Turbo Boost 2008, na AMD wakaja na ya kwao, prosesa inajiongeza yenyewe kutegemea joto na umeme uliopo. Ryzen 5 5600 imeandikwa 3.5 GHz lakini inapanda mpaka 4.4 bila wewe kugusa kitu, Core i9-14900K inagusa 6 GHz ikitoka tu kwenye boksi. Ile 2500K ya 2011 iliyokuwa inatoka 3.3 inafika 4.5 na hitisinki ya kawaida, hiyo enzi imepita. Ukifunga kori zote za Ryzen kwenye namba moja kwa mkono mara nyingi unaua ule mpando wa kori moja na baadhi ya gemu zinapungua spidi. Siku hizi kinacholipa ni kinyume chake, kupunguza voltiji kidogo, chipu inapoa, turbo yenyewe inakaa juu kwa muda mrefu zaidi. Kwenye Ryzen 5000 kwenda mbele menyu inaitwa Curve Optimizer, unaanza na hasi 10 unapima.

Zile rekodi za 9 GHz unazoona zimewekwa kwa heliamu ya majimaji, baridi karibu nyuzi hasi 269, zinadumu muda mfupi tu wa kupiga picha ya skrini. Hazina uhusiano na meza yako.

Kupima sasa. Mashine kuwaka sio ushahidi, na Windows kufunguka sio ushahidi. RAM ipimwe na MemTest86 kutoka kwenye flashi, usiku kucha, na kosa moja tu ni mengi, hakuna RAM yenye "kosa dogo". Prosesa ipimwe na programu za OCCT au Prime95, huku programu ya HWiNFO imefunguliwa uone joto na voltiji. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukigusa RAM na kizidishi siku moja na ikakataa hutajua nani kakataa. Na kabla ya yote kopi picha zako na mafaili ya kazi kwenye diski ya nje, kwasababu RAM isiyo imara inaharibu faili wakati wa kulisevu na hutajua mpaka siku unalihitaji. Ikigoma kuwaka kabisa usiogope wala usiipeleke kwa fundi haraka, chomoa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika kadhaa au gusanisha pini za kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, BIOS inarudi ilivyotoka kiwandani na mashine inawaka. RAM ikigoma kwa profaili yake, shusha hatua moja, 3600 iwe 3466 au 3200, bado uko juu sana ya 2400.

Wengi mtakaosoma hapa mna zile mashine za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, au laptopu. BIOS zake hazina hizi menyu na pawasaplai yake imepimwa kwa mzigo uleule iliyokuja nao, kwahiyo msitafute programu za kuziovakloki, zipo za uongo nyingi na nyingine zina virusi. Fungua tu uangalie kama RAM ni kipande kimoja. Kipande kimoja cha DDR4 3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, viwili vikiwa kwenye chaneli mbili vinapitisha 51.2, na kama hauna kadi ya picha, unacheza kwa ile iliyomo ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G, hiyo picha inakula kwenye RAM hiyohiyo, kwahiyo kipande cha pili kitakupa fremu ambazo hakuna kuovakloki kwa prosesa kutakakokupa.